Mafuta ya kuwapaka wagonjwa: yapi, nani anapaka, na kwenye wadi za hospitali inakuwaje?

Mzee_Kayole

Bwana asifiwe wapendwa. Kwa ndugu Wakatoliki, Tumsifu Yesu Kristo.

Kanisa letu ni dogo, la kipentekoste, huku Kayole. Baraza la wazee limekubaliana kwamba Jumapili ya kwanza ya kila mwezi tutawaombea wagonjwa na kuwapaka mafuta kulingana na Yakobo 5:14. Wasioweza kufika tutawafuata nyumbani au hospitalini. Kabla hatujaanza, tunataka kujua vizuri tunachofanya, maana kila mtu ana lake.

Kwanza, mafuta yenyewe. Mmoja anasema lazima yawe ya zeituni, mwingine anasema hata ya kupikia ni sawa bora yaombewe, na dada mmoja ametuletea kichupa cha River Road kilichoandikwa kwamba ni mafuta ya upako kutoka Yerusalemu. Mzee mwenzetu naye anataka tutengeneze wenyewe yale ya kuwekea wakfu ya Kutoka 30, na ameshaanza kuulizia manemane (utomvu wa mti wenye harufu) Eastleigh.

Pili, nani apake, apake wapi mwilini, na aseme nini? Tatu, mgonjwa Mkatoliki akituomba tumpake, tufanyeje? Nne, kuna jambo la kuangalia tukienda wadini? Naomba majibu ya watu wanaoyajua haya mambo, si ya mabishano.

Katekista_Donholm

Milele na milele, amina. Mzee, nianze na swali lako la tatu kwa sababu ndilo linaloleta kuoneana haya kando ya kitanda.

Kwa Mkatoliki, Mpako wa Wagonjwa ni sakramenti, na anayeweza kuitoa ni padre au askofu tu. Shemasi hawezi, katekista hawezi, sista hawezi. Kwa hiyo mgonjwa Mkatoliki akikuomba, muulize kwanza kama padre ameshaitwa. Kama bado, msaidie aitwe. Hospitali kubwa za Nairobi huwa na kasisi anayehudumia wagonjwa, na nesi wa zamu atakuelekeza. Wewe waweza kumwombea kabisa, hakuna atakayekuzuia. Ila usimpake kwa namna itakayoifanya familia iseme "ameshapakwa" halafu padre asiitwe. Hapo ndipo huzuni hutokea baadaye.

Watu wengi bado wanaamini padre akija na mafuta basi mgonjwa anakufa. Mawazo hayo yana historia: kwa karne nyingi mpako ulitolewa mtu akiwa kwenye pumzi za mwisho. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulisema mwaka 1963 kwamba si sakramenti ya wanaokufa peke yao. Anayestahili ni Mkristo ambaye hali yake imeanza kuwa ya hatari kwa ugonjwa au uzee. Mtu anayekwenda kufanyiwa upasuaji kwa ugonjwa mzito anapakwa kabla ya upasuaji. Mzee aliyedhoofika anapakwa hata kama hana ugonjwa wa kutajwa jina. Akipona akaugua tena anapakwa tena, na hata ndani ya ugonjwa uleule hali ikizidi kuwa mbaya anarudiwa. Maiti hapakwi, husomewa sala tu. Lakini kama kuna shaka kama amekufa, padre anampaka.

Namna yenyewe ni fupi kuliko watu wanavyodhani. Padre anamwekea mgonjwa mikono kichwani kimyakimya, kisha anampaka kwa kidole gumba kwenye paji la uso, halafu kwenye viganja, huku akitamka maneno ya kuomba Bwana amsaidie kwa neema ya Roho Mtakatifu, amwondolee dhambi, amwokoe na kumwinua. Zamani walipakwa macho, masikio, pua, midomo, mikono na miguu. Papa Paulo VI aliyapunguza haya kwa hati ya tarehe 30 Novemba 1972. Wakati wa dharura, mpako mmoja kwenye paji la uso unatosha, na kama paji limefungwa bendeji, sehemu nyingine yoyote ya mwili. Mgonjwa akiweza, anaungama kabla na kupokea komunyo baada ya mpako.

Kuhusu mafuta: hati hiyohiyo ya 1972 ilikubali mafuta yoyote yatokanayo na mimea pale ambapo zeituni haipatikani au ni shida kuipata. Hiyo inamjibu yule wa mafuta ya kupikia, kwa upande wetu. Ya wanyama au ya petroli hapana. Sisi tuna mafuta ya aina tatu, ya wagonjwa, ya wakatekumeni (wanaojiandaa kubatizwa) na krisma, na yote huandaliwa na askofu kwenye Misa ya Krisma karibu na Pasaka, kisha kila parokia inachukua yake. Krisma ndiyo pekee inayochanganywa na manukato, na ni askofu peke yake anayeiweka wakfu. Hiyo ndiyo ya ubatizo, kipaimara, mikono ya padre mpya na altare mpya, na kamwe hapakwi nayo mgonjwa. Kwenye vichupa vya chuma utaona herufi: OI ni ya wagonjwa, SC ni krisma. Padre akivichanganya gizani usiku wa manane, herufi zile zikiwa zimefutika kwa kusuguliwa, ni tatizo. Ndiyo maana wengine huvifunga kwa utepe wa rangi tofauti.

Mzee_wa_Sabato

Mzee mwenzangu, someni sura nzima kabla ya kufungua chupa. Yakobo ana mpangilio, na watu wengi hapa mjini wameupindua.

Mgonjwa ndiye anayeita. Si kanisa linalopanga foleni. Wanaoitwa ni wazee, kwa wingi, si mtumishi mmoja mwenye chupa. Wanaomba na wanapaka kwa jina la Bwana. Kisha mstari wa 15 unasema kuomba kwa imani ndiko kutakakomwokoa mgonjwa, na wa 16 unaleta kuungamiana dhambi. Mafuta yametajwa mara moja tu katika maneno yote hayo.

Kwetu ibada hii haifanywi kwa kawaida mbele ya umati. Inakwenda hivi. Siku moja kabla, wazee wawili wanamtembelea mgonjwa na kumuuliza kama kweli ni yeye anayetaka, si shangazi yake. Wanamwachia nafasi ya kutengeneza yaliyoharibika kati yake na Mungu au na watu. Wanamweleza waziwazi kwamba Mungu anaweza kuponya papo hapo, au polepole kupitia matibabu, au asiponye katika maisha haya, na kwamba jibu la tatu si ushahidi wa imani haba. Hili lisiposemwa mapema, mgonjwa asipopona familia itatafuta mwenye dhambi nyumbani.

Siku yenyewe dakika ishirini zinatosha: wazee wawili hadi wanne, ndugu wachache, somo, mgonjwa anaomba kwanza kama ana nguvu, halafu wazee kwa zamu, kwa ufupi. Katika ombi la mwisho mchungaji, au mzee aliyewekewa mikono, anachovya ncha ya kidole na kugusa paji la uso. Hapo imekwisha. Hakuna kumwaga wala kusukuma mtu kichwa.

Mpango wenu wa kila mwezi unanipa wasiwasi, nikiri. Mwezi wa tatu foleni itakuwa na wenye mafua, wanaotafuta kazi na waliobeba pasipoti. Mkiufanya, basi mzee mmoja akae mlangoni na kumuuliza kila mtu anaumwa nini, na wengine waombewe bila mafuta. Mafuta ya kupaka CV, magari na milango ni mada nyingine kabisa. Yakobo alisema mgonjwa.

Mchanganyaji_Ngara

Nitajibu la Kutoka 30 kwa sababu hilo linaweza kuwaunguza watu ngozi, na sisemi kwa mafumbo.

Pigeni hesabu kwanza. Andiko linataka manemane shekeli 500, mdalasini 250, kane (mmea wenye harufu) 250, kida (gome la jamii ya mdalasini) 500, na hini moja ya mafuta ya zeituni. Shekeli ni kama gramu 11.4, kwa hiyo viungo vyote, shekeli 1,500, ni takriban kilo 17. Hini ni lita tatu na nusu hivi, wengine hukadiria zaidi. Ukitia kilo 17 za magome na utomvu kwenye lita tatu na nusu za mafuta hupati mafuta, unapata uji mkavu. Marabi waliliona hilo zamani. Talmudi, kitabu cha mapokeo ya Kiyahudi, ina mjadala wa jinsi ilivyowezekana, na jibu mojawapo ni kwamba viungo vililowekwa kwanza kwenye maji, mafuta yakamiminwa juu, yakashika harufu, kisha yakaenguliwa. Yaani hata wao walijua si jambo la kutia na kukoroga.

Halafu endeleeni hadi mstari wa 32 na 33. Mafuta hayo yalikuwa ya hema, vyombo vyake na makuhani. Imekatazwa kutengeneza mengine yanayofanana nayo au kumtia mtu asiyehusika, na adhabu yake ni kukatiliwa mbali na watu wake. Hakuna mgonjwa aliyetajwa pale. Mafuta ya kuwaweka watu wakfu na mafuta ya wagonjwa ni mambo mawili. Samweli alimmiminia Daudi pembe nzima kwa sababu alikuwa anamfanya mfalme. Msamaria wa Luka 10 alimimina mafuta na divai kwenye majeraha kwa sababu alikuwa anatibu. Hata leo mafuta yenye manukato mengi ni ya kazi ile ya kwanza: yale ya kumtawaza Mfalme Charles III mwaka 2023 yalikamuliwa kwa zeituni za Mlima wa Mizeituni, yakatiwa ufuta, waridi, yasmini, mdalasini na vinginevyo, na yakawekwa wakfu Yerusalemu Machi mwaka huohuo.

Sasa kemia. Mdalasini na kida vina sinamaldehidi, ambayo huwasha na kuleta mzio wa ngozi. Mafuta makali ya kida, yale ya kichupa kidogo yaliyotolewa kwa mvuke, kiwango kinachopendekezwa kwa ngozi hakizidi asilimia 0.05. Tone moja ni kama mililita 0.05. Kwa hiyo tone MOJA ndilo la mililita 100 za zeituni. Mtu akidondosha tone hilohilo kwenye kichupa cha mililita 30 ameshapita kiwango zaidi ya mara tatu, na wengi hudondosha kumi ili "yanukie upako". Matokeo yake ni msalaba mwekundu kwenye paji la uso, na watu wanasema ni moto wa Roho. Hapana, ngozi imeungua. Na usitie kida na mdalasini pamoja ukadhani umegawa, maana kinachowasha ni kilekile.

Kane nayo ni shida. Wataalamu hawakubaliani ni mmea gani hasa. Mmoja unaotajwa sana, Acorus calamus, una asaroni, kitu kilicholeta saratani kwa wanyama wa maabara, na Marekani iliupiga marufuku kwenye vyakula mwaka 1968. Uacheni.

Mkitaka harufu kwa lazima, manemane peke yake inatosha. Mwambieni mzee wenu aendelee kuulizia Eastleigh kwenye maduka ya ubani na udi. Achague vipande vya kahawia nyekundu, vichungu akionja, visivyo na mchanga. Gramu 10 za manemane kwa mililita 100 za zeituni. Isage iwe unga, tia kwenye chupa kavu kabisa pamoja na mafuta, weka chupa ndani ya sufuria ya maji ya moto wa nyuzi 40 hadi 50 kwa saa tatu au nne, ukitikisa mara kwa mara. Maji yasichemke. Acha itulie usiku kucha, chuja kwa kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara mbili. Chini kutabaki mashapo mengi, msishtuke: sehemu kubwa ya manemane ni gundi inayoyeyuka kwenye maji tu, haiingii kwenye mafuta. Kabla ya kumpaka mtu yeyote, jaribuni tone moja ndani ya kiwiko na kusubiri saa 24. Mjamzito asipakwe yenye manemane, apakwe zeituni tupu.

Kichupa cha River Road: soma kibandiko. Ukikuta maneno *paraffinum liquidum*, hayo ni mafuta ya petroli yaliyotiwa marashi na rangi. Hayana kosa kwa ngozi, lakini si zeituni na hayajatoka kwenye mti wowote. Kisipokuwa na orodha ya viungo, tarehe wala alama ya ubora ya KEBS (shirika la viwango la Kenya), mrudishieni dada kwa upole. Wengine hujaribu kwa friji: zeituni kwa kawaida huwa na ukungu au huanza kuganda ikilala kwenye baridi, mafuta ya petroli hubaki angavu. Ni dalili tu, kwa sababu mafuta mengine ya mimea nayo huganda.

Nunueni zeituni ya kawaida ya supamaketi, iliyokamuliwa bila moto, chupa ndogo ya kioo cheusi au kijani. Mambo yamekwisha.

Sista_Zamu

Kuhusu wadi, nisikilizeni vizuri.

Mgonjwa akiwa kwenye oksijeni, iwe ya mrija wa pua au ya barakoa, msimpake uso wala kifua. Mafuta na oksijeni nyingi havikai pamoja, cheche ndogo tu inatosha. Mpakeni mkono, ule usio na dripu. Mishumaa na ubani msilete kabisa, hata kama mgonjwa mwenyewe anataka. Na mkitumia sanitaiza, subirini ikauke kabisa mikononi kabla ya kusogea kitandani, kwa kuwa mvuke wa spiriti nao unashika moto.

Msipake karibu na dripu, mrija wowote au plasta. Mafuta hufanya plasta ibanduke, sindano itoke, na mgonjwa atachomwa upya. Vidole navyo viacheni kama kuna kile kibanio cha kupimia oksijeni. Kidonda, mshono, kuungua na macho ni mwiko, mkifika hapo omba bila kugusa. Watoto waliozaliwa kabla ya wakati msiwaguse bila ruhusa ya sista wa wadi, ngozi yao ni nyembamba mno.

Kosa ninaloliona baya kuliko yote ni kumnywesha mgonjwa mafuta kwa kijiko. Mtu aliyelegea au mwenye kiharusi hamezi vizuri, mafuta yanaingia kwenye mapafu na kuleta nimonia mbaya, ngumu kutibika. Ya petroli ndiyo mabaya zaidi kwa hili kwa sababu hupita kooni bila kumfanya mtu akohoe. Andiko linasema kupaka.

Ogopeni pia kidole kimoja kwa wagonjwa wote. Ukimpaka mmoja na kuchovya tena kwenye kichupa, umebeba wadudu wa kitanda cha kwanza hadi cha nane. Mimina matone machache kwenye pamba safi kwa kila mgonjwa, nawa mikono kati ya kitanda na kitanda, pamba uitupe. Kuvaa glavu si dharau kwa Mungu.

Njooni saa za kuona wagonjwa, wawili au watatu, ulizeni sista kwanza, ongeeni kwa sauti ya chini. Na asiwepo wa kumwambia mgonjwa aache ARV, dawa za TB au za presha kwa sababu ameshapakwa. Tunawapokea tena wakiwa na hali mbaya kuliko ya kwanza.

Abu_Pumwani

Asalaam aleikum. Nachangia kidogo tu. Kwetu hakuna ibada ya mpako kama hiyo, lakini zeituni ina heshima: Kurani sura ya 24 aya ya 35 imeutaja mti wake kuwa umebarikiwa, na kuna hadithi aliyoipokea Tirmidhi kwamba tule zeituni na tujipake mafuta yake. Kwenye ruqya, yaani kisomo cha kumwombea mgonjwa, wengi husoma aya juu ya mafuta kisha mgonjwa akajipaka mwenyewe. Onyo la dada hapo juu kuhusu kunywesha ni letu pia, na wauzaji wa vichupa vya miujiza tunao vilevile.

Mzee_Kayole

Mungu awabariki, mmenifumbua macho. Mzee wetu wa manemane amesoma hesabu ya kilo 17 akacheka mwenyewe. Tumeamua zeituni tupu, na mzee mmoja mlangoni kama ndugu yangu Msabato alivyosema.

Mawili yamebaki. Tununue kiasi gani, na yanakaa muda gani? Na yakibaki au yakiharibika, tunayatupa wapi? Kuna waliosema ni dhambi kuyamwaga.

Mchanganyaji_Ngara

Kiasi: mililita moja ni matone kama 20. Chupa ya mililita 250 ina matone 5,000 hivi. Hata mkiwapaka watu 60 kila mwezi matone mawili mawili, mtatumia mililita 6 tu. Kwa hiyo nunueni chupa ndogo kuliko zote dukani, na mtashindwa kuimaliza kabla haijachacha. Chupa ikishafunguliwa, mafuta yatumike ndani ya miezi mitatu hadi sita, kama inafungwa vizuri na haipigwi jua. Adui ni mwanga, joto na hewa. Dirisha la madhabahu ndipo mahali pabaya kuliko pote, na ndipo makanisa mengi huweka chupa. Yakichacha utayajua kwa pua, yananuka kama rangi za nta za watoto. Yakifika hapo msipake mtu.

Katekista_Donholm

La kutupa: kwetu mafuta ya mwaka uliopita hayamwagwi kwenye sinki. Yanachomwa, mara nyingi kwa kutiwa kwenye taa ya tabernakulo (kisanduku cha kuhifadhia Ekaristi) au kunywewa na pamba kisha pamba ikachomwa. Pamba aliyofutia padre vidole nayo huchomwa. Nyinyi hamfungwi na sheria zetu, lakini kuchoma ni njia safi kwa yeyote: tieni kwenye kibatari chenye utambi wa pamba, au yamwageni kwenye karatasi za shashi na kuzichoma uani ndani ya mkebe wa bati. Msimwagie maji yakiwa yanawaka.

Na kichupa cha kutembea nacho kiwe kidogo, cha mililita 10, ndani mjaze pamba kisha mtie mafuta mpaka pamba ishibe. Hakimwagiki mfukoni kwenye matatu, na kidole kikigusa pamba kinapata kiasi chake. Kwa wagonjwa wengi fuateni alivyosema sista, pamba mpya kwa kila mmoja. Kila mkitaka kujaza upya toeni pamba ya zamani, osheni kichupa kwa maji moto na sabuni, kisha kikauke siku nzima kikiwa kimepinduliwa. Tone la maji likibaki ndani, mafuta mapya yatakuwa na ukungu na kuchacha mapema.